Kifaa cha Tisa

Tumuombe Mungu atukinge na uzembe wetu kwanza, ndipo atukinge na majini, maana jini mara nyingi huingia kwa mlango tuliouacha wazi sisi wenyewe.

Walimwita Fundi Waya, kwa kuwa shingoni hakukosa waya kama mwingine asivyokosa tasbihi mkononi. Kwenye zahanati ya wazazi alipewa kazi ya kufunga Wi-Fi: vidude vyeupe vitatu, kimoja mapokezi, kimoja ukumbini, kimoja juu ya mlango wa chumba cha watoto njiti. Akafunga viwili. Cha ukumbini kilitaka apande darini, na dari lilijaa mavi ya popo, basi akakiacha kwenye boksi chini ya ngazi, na kile cha chumba cha njiti akakipandisha nguvu hadi mwisho ili kifike kote. Kikafika kote kweli. Kikavuka ukuta, kikaingia mpaka kwenye gofu la nyumba iliyoungua zamani, ambako hapakuwa na mtu wala umeme.

Neno la siri hakuweka. "Kesho," alijiambia. Nesi mkuu, waliyemwita Sista, alipomuuliza, alimjibu bila kupepesa: "Wallahi Sista, nimefunga kila kitu."

Miezi miwili baadaye mkewe alijifungua hapo hapo, mimba ya miezi saba. Mtoto wa kike, mwepesi kama kifaranga, akalazwa chini ya kidude kile kile. Fundi alimwinamia akamnong'oneza jina sikioni.

"Umemwambia nini, Baba Nanii?" mkewe aliuliza kitandani.

"Jina lake. Wewe utalisikia tukifika nyumbani."

"Ehe! Nimebeba miezi saba, halafu naambiwa baada ya aliyebebwa!"

Siku ya pili, mchana, fundi alifungua kwenye simu yake orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye mtandao. Alivijua vyote: mashine tatu za kuangalia pumzi za watoto, simu ya Sista, simu ya zamu, kompyuta na printa ya mapokezi, na simu yake mwenyewe. Vinane.

Vilikuwa tisa.

Cha tisa hakikuwa na jina. Mawimbi yake yalikuwa hafifu, asilimia tisa, kama ya mtu aliye mbali.

"Mwizi wa bando huyo," alisema, akaruka ukuta kwenda kumfumania. Gofuni alikuta jivu la miaka mingi, halina unyayo wa mtu wala wa paka. Jua lilikuwa la utosi, lakini palinuka nywele zinazoungua sasa hivi. Alitazama simu. Kifaa cha tisa kilikuwa bado kipo. Fundi alirudi mbio hadi chumba cha njiti, suruali ikachanika ukutani.

Dawa aliijua: kuweka neno la siri. Lakini kuweka neno la siri ni kuziunganisha upya mashine zote mbele ya Sista, na Sista angejua kwamba aliapa uongo. Kuzima ndiyo kabisa haikuwezekana, kwani kengele za pumzi zilifika kwenye simu ya zamu kwa mtandao huo huo. Basi akatafuta njia ya mkato, kama kawaida yake. Akashusha nguvu, ili mawimbi yaishie ukutani.

Alitegemea kifaa kipotee. Kikasoma asilimia ishirini.

Akashusha tena. Arobaini na tano.

Ndipo akaelewa: kila alipokinyima mawimbi, kilisogea kuyafuata.

Hewa ya chumba cha njiti, chenye joto siku zote, ikapoa, na harufu ya nywele zilizoungua ikapita chini ya mlango kama maji, na taa ya kidude ikaanza kupepesa kama jicho lililoingiwa na vumbi, na watoto watatu waliokuwa wakilia kila mmoja kwa sauti yake wakanyamaza kwa pamoja wakafumbua macho, na macho hayo, ambayo kwa umri wao yasingeweza kufuata hata mshumaa, yakakifuata kitu taratibu kutoka mlangoni, yakapita nacho juu ya kitanda cha kwanza, yakapita nacho juu ya cha pili, yakatua nacho juu ya kitanda cha binti yake, na simu ikasoma tisini na tisa.

"Baba Nanii," mkewe alinong'ona mlangoni, "nani huyo amemwinamia mtoto?"

Kengele ikalia. Pumzi ya binti yake ilikuwa imesimama.

Sista akaingia mbio, akamsugua mtoto mgongo. Nyuma yake akaingia shangazi yake fundi, msomaji wa dua aliyewaondolea watu majini tangu ujana wake. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Alinusa mara moja tu.

"Hiki hakikuvunja mlango. Nani alikifungulia?"

"Sijui, shangazi."

"Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa. Sema!"

"Ni mimi," fundi akalia. "Sikuweka paswedi. Nilimdanganya Sista kwa jina la Mungu."

Sista hakuinua uso. "Weka sasa. Matusi yako nitakupa baadaye."

"Weka neno ambalo halijatoka kinywani mwako mbele ya kiumbe yeyote," shangazi alisema. "Yeyote. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Kichwa kikawa kitupu, na neno moja tu likamjia: lile jina. Mkewe halijui, shangazi halijui. Aliyelisikia ni mtoto wa siku mbili, naye si wa kuhesabu. Akaandika.

Shangazi akasoma, sauti ikipanda. Darini kitu kikajiburuta, popo wakatoka kwa wingi mchana kweupe, na kifaa cha tisa kikafutika. Mtoto akalia. Hata Sista alilia.

Fundi alitubu. Alipanda darini, mavi ya popo na yote, akafunga kidude cha tatu. Matusi ya Sista aliyapokea kwa adabu. Kila siku alikagua orodha: vinane.

Baada ya mwezi mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mkewe alimtia begani akatangulia. Fundi alisimama mapokezi, chini ya kidude, akaitazama orodha mara ya mwisho.

Vilikuwa tisa.

Kilikuwa kimeingia kwa neno la siri, bila kukosea hata herufi moja. Asilimia tisini.

Mkewe akashuka ngazi. Sabini. Akapita uani. Arobaini. Akasimama kumfunika mtoto, na namba ikasimama. Akaendelea, nayo ikaendelea kushuka, hatua kwa hatua, hadi getini. Tisa.

"Baba Nanii!" aliita akicheka. "Mbona umeganda? Njoo basi, leo unatutajia jina!"

Begani mwake mtoto alikuwa macho, akimtazama babaye bila kupepesa.