Antena ya Nguzo ya Pili

Chai ilikuwa ya moto na shati lilikuwa jeupe. Ukumbi wa stesheni ya treni ulifurika abiria, masanduku yakiburutwa huku na huko, na katikati ya msongamano huo mwanadada mmoja mwenye gauni la kijani na raba miguuni alikuwa akijizungusha polepole, simu mkononi, mkono ameunyoosha. Kiwiko chake kikakutana na kikombe cha kijana mrefu aliyekuwa akipita.

"Mungu wangu! Samahani kaka, samahani sana!"

"Usijali dada, lilikuwa linaomba rangi." Kijana alilitazama shati lake, kisha akamtazama yeye. "Lakini niambie, unatafuta kibla?"

Mwanadada akacheka bila kutaka. "Natafuta mtandao mpya. Mawimbi yake hata kiganja kinayaziba, kwa hiyo simu haiwezi kusikiliza pande zote kwa pamoja. Inasikiliza upande huu, halafu ule, kwa upana. Ikipata upande wenye nguvu, inapunguza upana na kulenga hapohapo mpaka inase sawasawa. Mimi ndiye ninayeifundisha kulenga."

"Basi tutaonana sana, Injinia. Mimi ndiye niliyeletwa kufunga antena."

Mafundi wenzake walimwita Twiga kwa urefu wake. Kwa wiki kadhaa alipanda nguzo za ukumbi ule, Injinia akimshikia ngazi na kusoma pimamaji, kile kipimo cha unyoofu, kwa sauti ili kila antena ikae ilivyochorwa. Hata walipotenganishwa na hatua chache tu, hawakukoma kupigiana simu.

"Hujashuka tu?"

"Nakutazama kutoka huku juu. Leo umependeza, laazizi."

"Shika ngazi wewe, achana na mimi!"

"Mikono ina ngazi. Macho hayana kazi."

Injinia alikata simu huku anatabasamu, akageukia ukuta asionekane. Haukupita muda wakawa wapenzi, na kila Jumapili Twiga akawa anampeleka kwa mama yake, aliyemwita mkwe.

Siku ya kuwaonyesha wageni mtandao huo ikafika. Injinia alivaa suti ya bluu iliyopigwa pasi na dada yake. Mkurugenzi alikuja na watu wa wizara. Injinia akapita nao ukumbini, picha ya video ikicheza kwenye simu kama maji. Walipofika nguzo ya pili, wageni wakajipanga mbele ya madirisha marefu ya vioo, na picha ikaganda. Akaigusa simu, akaiinua juu. Picha haikurudi.

"Kosa liko wapi?" Mkurugenzi aliuliza, sauti yake ya chini ikitisha kuliko kelele.

Jasho lilimtoka Injinia. Mdomo ukatangulia akili. "Antena ya nguzo hii. Haikufungwa sawa."

Wote wakageuka kumtazama Twiga. Yeye hakuwatazama. Alimtazama Injinia peke yake, akingoja aseme neno jingine. Injinia akaiinamia simu yake.

"Kijana, kusanya vifaa vyako," Mkurugenzi akasema.

Jioni Injinia alipiga simu mara nyingi. Mwishowe ikapokelewa.

"Twiga, mpenzi, nisikilize..."

"Ulishika ngazi wewe. Ulisoma pimamaji wewe. Kama umekosea namba, kata."

Kesho yake aliwahi stesheni, akapima upya. Antena ilinyooka kama rula. Kumbe kosa lilikuwa kwenye programu yake. Ili simu inase upesi, aliiamuru isikilize mara moja tu kwa upana, ichague upande wa kwanza wenye nguvu na kulenga hapo bila kujaribu mwingine. Nao upande ule haukuwa wa antena. Ulikuwa mwangwi, mawimbi yakigonga vioo na kurudi. Wageni walipojipanga mbele ya vioo, miili yao iliuziba mwangwi, na simu ikabaki inalenga patupu. Uso ukamwaka moto, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Akampigia dada yake. "Naweza kurekebisha leo hii, dada. Hakuna atakayejua."

"Na yeye?"

"Nitamwomba radhi faraghani."

"Umemvua nguo sokoni, mdogo wangu, unataka kumvisha chumbani?"

Kwenye mkutano wa wafanyakazi alisimama. Alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakamkimbia. "Antena ilikuwa sawa. Kosa ni langu. Nilimsingizia mtu mbele yenu kwa sababu niliogopa." Mwenzake mmoja akainamisha macho kwenye kikombe chake. Mkurugenzi alimpokonya uongozi wa kazi ile palepale, akaagiza Twiga arudishwe.

Twiga hakurudi. Injinia alimkuta juu ya paa la jengo la ghorofa, akifunga dishi la televisheni. Upepo uliipeperusha ovaroli yake.

"Nimeshasikia," alisema bila kugeuka. "Mkurugenzi alinipigia. Umefanya vizuri."

"Sijaja kusifiwa."

"Umejia nini?"

"Sijui. Naona aibu hata kukuangalia. Lakini kutokukuangalia nimeshindwa."

Twiga aliweka spana chini. "Mama kila Jumapili ananiuliza mkwe wake yuko wapi. Namwambia una kazi nyingi. Kazi ile nimemwambia imeisha. Nimekusitiri, Injinia, na sijui kwa nini."

Hilo lilimchoma kuliko tusi. Machozi yakamtoka. "Mwambie ukweli."

"Utamwambia mwenyewe. Leo."

Walikwenda kwa miguu, hawakushikana mikono. Mama alifungua mlango, akamkumbatia Injinia kabla hajasalimiwa. "Mwanangu! Mbona umekonda hivi? Wanakutesa huko kazini? Kaa, kaa hapa."

Injinia hakukaa. "Shikamoo mama. Kabla sijakaa, nina jambo la kukuambia. Likikuudhi, nitaondoka."

Twiga, aliyekuwa ameshaingia jikoni kumimina maji, aliliacha jagi. Akaja, akasimama kando yake, bega kwa bega, wote wawili wakimtazama mama.

"Haya," akamwambia kwa sauti ndogo. "Sema. Niko hapa."