Stameni Kumi

Kila siku akitoka shule Aikaeli alikuwa na kazi tatu: kukata majani ya ng'ombe, kuosha vyombo, na kumfundisha baba yake.

Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Baba yake, Eliezeri, alikuwa mgumu. Kwao Old Moshi hata mtoto mdogo anajua wagumu ni akina nani: ni wale wanaobeba mizigo ya watalii mpaka juu mlimani. Eliezeri alikuwa amebeba miaka kumi na moja, na sasa goti la kushoto lilikuwa limekataa. Kila akishuka mlima lilivimba kama kiazi.

Kampuni aliyofanyia kazi ikatangaza nafasi mbili za waongozaji. Ila kulikuwa na mtihani Jumamosi, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya mimea ya mlimani. Akipita, atatembea na wageni akiwa na kibegi chake tu. Akishindwa, anarudi kwenye mzigo na goti lake bovu.

Tatizo ni kwamba Eliezeri aliishia darasa la tano, na kijitabu cha mimea walichopewa kilikuwa cha Kiingereza. Basi Aikaeli, aliyekuwa darasa la sita, akakata maboksi ya biskuti akatengeneza kadi. Upande mmoja jina la mmea, upande wa pili alama ya kuutambua. Baba anafungua picha kwenye simu yake, binti anauliza.

"Huu?"

"Si lobelia huo? Hata ng'ombe wetu anaujua."

"Ng'ombe hafanyi mtihani, baba."

Wanacheka, wanaendelea.

Ilibaki mimea miwili migumu, sedamu na krasula. Yote midogo, yote inaota kwenye nyufa za mawe kule juu ya msitu, yote ina majani manene yaliyojaa maji na maua madogo kama nyota. Kijitabu kilikuwa na aya ndefu ya kuitofautisha. Siku ya kuandika kadi zake, Gladys, rafiki yake Aikaeli, alikuwa nje anamwita wakacheze rede.

"Aika! Unakuja au umeshazeeka?"

Aikaeli akatazama picha mbili tu za kitabuni. Majani ya sedamu mekundu, ya krasula kijani. Akaandika haraka: "Mekundu ni sedamu. Kijani ni krasula." Akatoka mbio.

Alhamisi baba alirudi kutoka mlimani akichechemea, simu mkononi. "Mwalimu wangu, ona! Nimekupigia picha za sedamu yako, na krasula pia."

Aikaeli akatazama picha ya kwanza. Kilikuwa kichaka kimoja, shina moja. Upande wa juani majani yalikuwa mekundu. Upande uliofunikwa na jiwe yalikuwa kijani kabisa.

Akafungua kijitabu, safari hii akaisoma ile aya mpaka mwisho. Ilisema rangi ya majani inabadilika kwa jua. Cha kuhesabu ni stameni, vile vijiti vya chavua katikati ya ua. Krasula stameni zake ni sawa na petali kwa idadi. Sedamu zake ni mara mbili.

Kabla hajafungua mdomo, akaingia Melkior, mgumu mwenzake baba, naye akiwa na mtihani uleule.

"Shikamoo baba," Aikaeli akamwamkia.

"Marahaba. Huyu ndiye mwalimu? Wangu nyumbani anajua kula tu!"

"Huyu hakosei," Eliezeri akasema kwa majivuno. "Shika hii, mbe, ndugu yangu. Mekundu sedamu, kijani krasula."

Melkior akairudia mara tatu asiisahau. Aikaeli akanyamaza. Ijumaa nayo akanyamaza. Kiburu, chakula anachokipenda kuliko vyote, alikiacha sahanini.

Jumamosi asubuhi baba alivaa shati lake la kanisani. Aikaeli akaenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la isale. Kwa Wachagga, ukimkosea mtu unampelekea isale, na akishaletewa hawezi kukataa kukusamehe. Lakini hayo ni mambo ya wakubwa, wakigombania mipaka na ng'ombe. Aikaeli hakuwahi kuona mtoto akipeleka isale kwa sababu ya kadi.

Akalinyoosha kwa mikono miwili. Baba akaacha kufunga viatu.

"Umefanya nini, Aika?"

"Kadi ya sedamu siyo kweli. Sikusoma, nilikimbilia mchezo. Halafu tangu juzi najua, nikaona aibu." Akaanza kulia.

Baba akalitazama lile jani. "Kwa hiyo leo ningejibu ujinga. Na Melkior naye."

"Ndiyo, baba."

Akalipokea, akalikunja, akalitia mfukoni. "Isale hairudishwi. Futa machozi, tukae hapa. Saa moja inatutosha."

Wakakaa mlangoni, wakaikuza ile picha mpaka ua likajaa kwenye kioo cha simu.

"Petali tano," Aikaeli akasema. "Sasa hesabu stameni."

"Nane... tisa... kumi."

"Kwa hiyo?"

"Sedamu!"

Wakafungua picha nyingine. Petali tano, stameni tano: krasula. Baba akampigia Melkior. "Mbe, ile ya rangi ifute kichwani. Hesabu stameni: kumi ni sedamu, tano ni krasula... Ndiyo, ni mwalimu yuleyule. Amejisahihisha."

Jioni alirudi anachechemea, lakini anacheka. "Wametuonyesha picha ya mmea wa majani ya kijani. Nikaomba waikuze picha. Nikahesabu kwa kidole, wakacheka. Zikatimia kumi. Tumepita wote wawili!"

Aikaeli akamrukia shingoni. Baba akamkalisha pembeni yake.

"Sikiliza, mama. Kukosea kadi si kitu, kila mtu anakosea. Kilichotaka kuniponza ni siku mbili za kunyamaza. Kule juu, mwongozaji akisema 'nimekosea njia', watu wanageuka, wanafika salama. Anayeona aibu anawapoteza wote kwenye ukungu. Ukikosea, sema mapema."

Aikaeli akachukua ile kadi. Hakuitupa. Akapiga mstari juu ya uongo wake, chini akaandika: "Hesabu kwanza."

Baba akaisoma, polepole, neno kwa neno. Kisha akaitia mfukoni, pamoja na lile jani.