Neno la Sita

Penseli ilikuwa imechongwa. Mama aliiona Jumatatu asubuhi alipokuja kufunua cherehani yake: penseli butu ya mwanawe, aliyefariki mwezi uliopita, ilikuwa na ncha kali kama sindano, na maganda yake mabichi yalitapakaa mezani.

"Wewe ndiye uliyechonga?" alimuuliza bintiye.

"Mimi? Naogopa hata kuitazama, Mama."

Kwenye meza hiyo ya kushonea, kila Jumapili alasiri, kijana wake fundi umeme alicheza na dada yake na rafiki yao muuza dawa. Rafiki huyo walimwita Refa, kwa kuwa ndiye aliyeongoza mchezo: hadithi ya kubuni, dadu, makaratasi, kila mtu na mhusika wake. Kijana alikuwa mchawi. "Yaani ada zote zile nimesomesha mchawi!" Mama alizoea kulalamika, naye akicheka mpaka anashika mbavu. "Mchawi wa karatasi tu, Mama. Hata kuku hamrogi." Siku aliyoteleza kwenye ngazi akifunga waya, akafa, daftari la mchawi wake lilibaki wazi mezani.

Daftari hilo ndilo kitabu cha mchawi, lakini katika mchezo ule hatumii chote. Kila akiamka huchagua maneno sita ya uchawi ya kubeba siku hiyo. Mengine hayafanyi kazi. Katika orodha ya mwisho ya kijana, neno la sita lilikuwa halijatumika: *Kumwita aliye mbali.*

Jumapili ile, kabla ya penseli kuchongwa, dada mtu aliomba walitumie.

"Mwenyewe hayupo," Refa alisema. "Alichoandaa kimeondoka naye."

"Wapi pameandikwa hivyo? Soma! Orodha hubaki hadi mwenye kitabu aamke aibadilishe. Kifo hakikutajwa."

Refa alisoma mara mbili. Akayaona macho ya binti, akakosa nguvu ya kubisha. "Haya. Rusha dadu."

Dadu ilibingirika, ikatulia kwenye namba ya ushindi. Wakalia wote watatu, maana Mama alikuwa pale anapinda suruali ya mteja, kisha wakaagana.

Jumanne orodha ilikuwa mpya, kwa mwandiko ule ule wa kijana uliolalia kushoto. *Kuzima sauti*, ulisema mstari wa kwanza, na binti akashinda kutwa asiweze kutamka neno. Jumatano ilikuwa *Usingizi*. Mama alilala juu ya cherehani mpaka mteja akamtikisa jua likizama. Neno la sita peke yake halikubadilika. Nyumba ikaanza kunuka waya ulioungua, harufu iliyoingia kwenye vitambaa na kwenye maji ya kunywa, na kila walipokaa chumba cha pili walisikia kiti cha kijana kikisogezwa polepole, kama mtu anayejiweka sawa kuandika.

Mama hakumwambia mtu. Alianza kukifuta kile kiti vumbi.

Ijumaa mchana alisikia kicheko uani, akatoka mbio, akamkuta bintiye juu kabisa ya ngazi ambayo haikuwa imeegemezwa popote, imesimama wima katikati ya ua, naye amenyoosha mkono kuelekea waya wa umeme huku akitabasamu kama mtoto anayepokewa na mtu anayempenda.

"Kaka ananiita," alinong'ona. "Amesema nishike tu."

Mama alipanda vidato, akamvuta mguu, wakaanguka pamoja.

Refa alikuja jioni ile, akaelezwa yote. "Kosa ni langu," alisema kwa sauti ya chini. "Jibu sahihi nililijua, nikalimeza kwa huruma."

"Si mwanangu yule?"

"Mwanao angempandisha dada yake ngazi?"

Mama alilivuta daftari karibu yake.

"Ni jini, Mama. Amekuta daftari wazi na mwenyewe hayupo. Ameingia kwa sheria yetu, na sheria hiyo hiyo itamtoa. Wewe ndiye mrithi wa kitabu. Lala nacho, ukiamka andaa upya. Si lazima ufikishe sita. Hata bila neno inaruhusiwa."

Mama alilala amekumbatia daftari. Alfajiri aliketi mezani, akageuza ukurasa mweupe, akashika penseli, na harufu ya kuungua ikajaa chumba mpaka macho yakamchonyota, na kiti cha mbele yake kikalia kwa uzito wa mtu, na ile sauti, yenye kile kikwaruzo chake cha asubuhi kabla hajanywa chai, ikasema taratibu: "Mama. Niachie moja tu."

Mama aliiweka ncha ya penseli kwenye karatasi.

"Sitamgusa dada tena. Nitakaa tu hapa unaposhona. Mama, huko nilikokuwa hakuna mtu."

"Ungekuwa wewe kweli," Mama alisema akilia, "ungenihurumia, usingeniomba."

Alipiga mstari mmoja chini ya ukurasa mtupu, akafunga daftari. Kiti kikawa chepesi. Harufu ikatoka kama mtu aliyefukuzwa.

Binti alipona. Refa hakuongoza mchezo tena. Lakini tangu siku ile, kila Mama anapojaribu kumkumbuka mwanawe akimwita, masikioni huja sauti moja tu, ile iliyomwomba kutoka kwenye kiti, na hajui tena kama iliwahi kuwepo nyingine.