Sifa kwa Sunim

Kila Mwalimu Gu alipomaliza ubeti, mitungi ya soya uani iliuimba tena.

Dallae, mpiga ngoma wake, aliinua uso. Sauti ile haikuruka hata pumzi. Ilirudisha wimbo, ikarudisha kikohozi cha Mwalimu, kisha mlio wa fimbo ikitua kwenye nyama. Chumba kikanuka damu.

"Mwalimu," alinong'ona, "huyo si Sunim?"

"Sunim tumemzika. Piga ngoma!"

Sunim, mwanafunzi wao, alishindwa kuukariri ubeti wa kuagana. Gu, bingwa anayeinamiwa na mji mzima, alimcharaza kando ya maporomoko mpaka akakata roho. Watu wakasema sanaa ina gharama. Gharama! Mbona hailipi yeye?

"Rudia, kichwa maji wewe!" Mtungi ulifoka kwa sauti ya Gu mwenyewe. Fimbo ikalia, na shavu la Gu likapasuka.

Ikalia tena, na tena, kila pigo kwa mlio wake wa siku ile, kila mlio na jeraha lake, meno yakamwagika mkekani, mfupa wa mkono ukachomoza kwenye nguo, naye akatambaa hadi miguuni pa Dallae akimshika pindo.

"Usimsifu," alihema. "Mwanangu, nakuomba. Mganga kaniambia mfu asiyeitikiwa huchoka, huondoka. Ukimsifu, atahamia kooni mwako."

Dallae akauma midomo. Ndipo mtungi ukaimba ubeti wa kuagana, wote, bila kosa, kwa uzuri ambao Gu hajawahi kuufikia. Tangu utotoni Dallae alikuwa amefunzwa kwamba mwimbaji akipatia, mpiga ngoma hupaza sauti ya sifa. Mdomo ukatangulia akili.

"Eolssigu!"

Mitungi ikanyamaza.

"Umefanya nini, mbwa wewe?" Gu akainua fimbo kwa mkono uliobaki mzima.

Dallae alifungua mdomo aombe msamaha. Kilichotoka ni mlio wa pigo la mwisho. Fuvu la Gu likapasuka kama tikiti, ubongo ukarukia ngozi ya ngoma.

Dallae akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kutoka katikati ya vidole vyake, Sunim akasafisha koo, akauliza kwa upole:

"Dada, siku ile nililia sana, hakuna aliyenisikia. Hivi ngoma alikuwa akipiga nani?"