Bakuli la Kahawia Iliyokoza

Saa ndogo ya dakika ililia juu ya meza ya saluni, ikalia, ikalia, wala hapana aliyeizima. Muda wa kuosha rangi ulikuwa umetimia. Mwenye nywele alikuwa amekufa robo saa iliyopita, mikononi mwa muuguzi aliyekimbia kutoka zahanati ya jirani.

"Zimeni hiyo," Inspekta alisema.

Hakuna aliyesogea. Akaizima mwenyewe.

Marehemu alikuwa bado kitini, shuka jeusi la plastiki limefungwa shingoni, kichwa kimepakwa rangi nzito kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Uso ulikuwa umevimba hata macho yakafungana. Midomo ilikuwa ya zambarau. Alikuwa mkunga mstaafu wa miaka sitini na moja, na Jumamosi ile alikuwa aolewe.

Karibu na dirisha alikaa mdogo wake, mwanamke wa miaka hamsini na sita, nywele nyeupe pe, amekumbatia mkoba kana kwamba utamtoroka.

Inspekta alizunguka kiti mara mbili. Kituoni walimwita Hatulii, maana hata chakula alikula amesimama. Alimchukua msusi hadi chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Ulimpaka nini?"

"Rangi ya kitaalamu, afande. Ya kudumu. Kahawia iliyokoza."

"Nani aliichagua?"

"Mimi na yeye. Alikuja mara tatu. Alitaka nyeusi ti, nikamwambia nyeusi ti kwa mtu wa umri wake inakaa kama kofia ya kuazima. Rangi nyepesi nazo zisingeshika, mvi zake zilikuwa ngumu. Nikatoa kitabu cha vishungi vya nywele, tukavipeleka kwenye mwanga, kimoja kimoja, tukavishika shavuni mwake. Akachagua namba nne."

"Na ngozi yake?"

"Aliniambia ujanani rangi za pakiti zilimdhuru. Ndiyo maana nikaagiza tyubu isiyo na ile kemikali ya kwenye pakiti. Ijumaa nilimpaka tone nyuma ya sikio. Leo kabla ya kuanza nimetazama. Ngozi safi. Afande, nimeua mtu?"

"Sijui bado."

Mdogo wa marehemu aliulizwa palepale dirishani.

"Mama, ulikuwa na dada yako muda wote?"

"Muda wote."

"Ulijua kama rangi inamdhuru?"

"Nitajuaje? Dada alikuwa mzima kabisa. Huyo binti kamkosea dawa."

"Uliisogelea meza ya kuchanganyia?"

"Nifuate nini mimi? Nywele zangu unaziona."

Bakuli, brashi na tyubu tupu vilichukuliwa kama vielelezo. Msusi alipelekwa kituoni. Watu waliosimama nje walimtazama vibaya, na mmoja akamtemea neno la kuumiza. Inspekta alilisikia. Hakulipenda.

Kesho yake, Jumanne mchana, taarifa ya uchunguzi wa maiti ilitoka. Koo lilivimba, njia ya hewa ikaziba. Mzio mkali. Inspekta aliipima korido ya maabara kwa miguu hadi mkemia akachoka kumwona akipita mlangoni.

"Ingia basi, unanitia kizunguzungu. Tyubu yako haina kosa. Hiyo kemikali haimo hata chembe."

"Kwa hiyo kilichomuua ni nini?"

"Kilikuwa bakulini. Humo kuna rangi mbili. Ya kwanza ni krimu ya saluni. Ya pili ni chenga za unga ambazo hazikuyeyuka vizuri. Unga wa pakiti, ule wa kujipaka nyumbani. Na kemikali yenyewe imo tele."

Inspekta alikuwa ameshafika nje kabla sentensi haijaisha.

Alimtoa msusi mahabusu, wakarudi saluni pamoja na sajini, mwanamke mpole mwenye mwandiko mzuri. Walipekua rafu zote, droo zote, hata pipa la taka. Walikuta krimu peke yake.

"Hapa unga wa pakiti hauingii," msusi alisema. "Wateja wangenikimbia."

"Ulipomaliza kukoroga, uliliacha bakuli?"

Msusi alifikiri. Macho yakamtoka. "Nilitoka uani kuanua taulo. Dakika tatu. Labda nne."

"Nani alibaki humu?"

"Mama mwenyewe. Alikuwa amelaza kichwa nyuma, macho amefumba. Na mdogo wake."

Walimkuta mchumba wa marehemu katika karakana yake ya useremala, anaupiga randa ubao uliokwisha kuwa laini zamani. Hakuacha hata walipomsalimia.

"Ulitaka apake rangi?" Inspekta aliuliza.

"Mimi? Nilimpenda na mvi zake zote. Alisema si kwa ajili yangu. Anataka ajitazame kwenye kioo acheke, basi."

"Alikuambia lolote kuhusu rangi kumdhuru?"

"Alinisimulia. Wakiwa vijana alijipaka unga wa pakiti, uso ukavimba, macho yakafunga siku nne. Mdogo wake ndiye aliyemlisha kwa kijiko." Randa ilisimama. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Inspekta alitazamana na sajini.

Jumatano asubuhi walibisha hodi nyumbani kwa marehemu wakiwa na hati ya upekuzi. Mdogo wake aliwafungulia. Sebuleni sanduku lilikuwa wazi, nguo za bibi harusi zimekunjwa nusu, nusu zimetupwa kwenye kiti. Alikuwa anazipanga na kuzipangua tangu alfajiri.

Sajini aliomba mkoba, akaumwaga mezani, kisha akaupindua ndani nje. Kwenye mshono wa kitambaa kulikuwa na vumbi la kijivu. Akachovya pamba kwenye dawa ya kukolezea rangi aliyopewa na mkemia, akagusa.

"Hiyo ni poda ya uso," mwanamke alisema haraka.

Wote watatu waliitazama pamba. Ikawa kahawia. Ikaendelea kukoza.

"Poda gani hiyo, mama?"

Mwanamke aliokota gauni, akaanza kulikunja.

"Ulisema hujui kama rangi inamdhuru. Siku zile nne, nani alimlisha kwa kijiko?"

Alikaa chini kwenye nguo za harusi bila kuzitazama.

"Sikutaka afe."

"Ulitaka nini?"

"Avimbe. Avimbe tu, kama zamani. Jumamosi ipite."

"Halafu?"

"Halafu sijui! Labda angebadili nia. Labda yule mwanamume angechoka kungoja." Alijifuta pua kwa kiganja. "Mama yetu alipopooza, dada alikuwa zamu za usiku wodini. Mimi nilikuwa na mtu wangu, nikamwambia aende zake. Miaka yote hiyo dada ananiambia, usijali, mdogo wangu, tutazeeka pamoja humu humu. Nikamwamini. Wiki iliyopita ananiita chumbani, anacheka kama msichana. Ananiuliza, kahawia au nyeusi? Mimi! Ananiuliza mimi nimchagulie rangi ya kuniachia nyumba tupu."

"Ukamjibu nini?"

"Kahawia. Nikamwambia itampendeza."

Sajini alikuwa anaandika. Inspekta aliuliza swali lililomsumbua tangu Jumatatu.

"Alipoanza kukosa pumzi, muuguzi wa zahanati alifika dada yako akiwa bado hai. Alikuuliza nini?"

Mwanamke alitikisa kichwa, kama mtu anayefukuza mdudu.

"Yule binti wa saluni alikuwa barabarani anatafuta gari. Muuguzi alipiga magoti, akaniuliza kama kuna kitu kinamdhuru. Chakula, dawa, chochote. Dada hakuweza kusema tena. Alikuwa ananitazama. Alijua najua. Ananitazama tu, anangoja niseme."

"Ukasema?"

"Nikaogopa. Ningesema rangi, wangeuliza iliingiaje." Sauti ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Nikasema hakuna kitu. Nikasema ana ugonjwa wa moyo, watazame moyo."

Kalamu ya sajini ilisimama hewani.

"Andika," Inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Andika kama alivyosema."