Mnyamwezi Aliyedaiwa Hongo

Kila gari la moshi lilipoingia Dodoma, hata mwenye homa alitoka kitandani. Ulikuwa mwaka ule reli ya Mdachi, yaani Mjerumani, ilipofika ziwani Kigoma, na stesheni ilijaa kuliko mnada. Wagogo walikuja na mbuzi, Warangi wa Kondoa wakaja na asali, na wanawake wauza maziwa waligombea kivuli cha ukuta kana kwamba kivuli kile wamekirithi.

Siku moja, katika zogo hilo, Loisi binti Ndahani alitafuta mahali pa kutundika kibuyu chake. Akaona ndoano nzuri. Akatundika.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "hiyo ni kengele ya serikali."

"Basi serikali inishikie kibuyu. Mkono umechoka."

Aligeuka. Kijana alikuwa amevaa koti la kaki lenye vifungo vya kung'aa, kofia imelala upande, na mwanya wa meno ya mbele ambao, tuseme kweli, ulifanya kazi kuliko vifungo vyote. Yeye kijana akaona kaniki mpya, ngozi iliyopakwa samli, shanga nyekundu, na shingo ndefu ya kumsahaulisha mtu kazi. Na kazi akaisahau. Siku hiyo kengele ilichelewa, bwana mkubwa wa stesheni akamkaripia kwa Kidachi. Bartolomayo, ndilo jina la kijana, hakusikia hata neno. Angesikia pia asingeelewa.

Enzi hizo simu ilikuwa waya wa Mdachi, haikubeba mapenzi. Simu ya hawa wawili ilikuwa Anyesi, rafiki yake Loisi, aliyepeleka neno upesi na kulitia chumvi njiani bila kuombwa. "Bartolomayo anakusalimu," ilifika "Bartolomayo hali wala halali." Mambo yakaenda mbio.

Jioni moja walikaa nyuma ya tangi la maji, kijana akachora mstari mchangani kwa kijiti.

"Hapa sisi. Hapa Saranda. Hapa Tabora, kwa wazee wangu ambao sijawahi kuwaona. Hapa Kigoma, na Ujiji jirani yake. Halafu maji. Tukivuka tunafika Uvira, kwa Mbelgiji. Nchi nyingine, bendera nyingine."

"Na huko unapeleka mzigo wa nani?"

"Wa mtu yeyote sipeleki." Akanyoosha mgongo. "Babu yangu alipita Ugogo huu kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Baba naye vilevile, mpaka bega likaota sugu kama kwato. Mimi nataka kupita nimekaa. Sibebi mzigo wa Mwarabu wala wa Mzungu. Nakwenda kutazama tu."

Loisi hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Watu walisafiri kwa njaa, kwa biashara, kwa vita, kwa msiba. Kutazama tu!

"Basi nami nikatazame."

"Kama mke wangu?"

"Kwani nimesema kama furushi?"

Wakacheka mpaka kijiti kikavunjika. Loisi akaanza kupanga: unga, chungu kidogo, mlenda mkavu.

"Mpenzi, gari halisimami umalize kusonga ugali."

"Litasimama likinusa mlenda wangu."

Ikabaki jambo moja tu, nalo lilikuwa na fimbo mkononi: mzee Ndahani.

Ndahani alikuwa mzee wa Kigogo, mwenye masikio yaliyotobolewa yakaning'inia hadi karibu na mabega. Ujanani alikuwa mtu wa mtemi, mmoja wa wale waliosimamisha misafara na kudai hongo. Hakupita mtu Ugogo bila kuacha nguo, shanga au waya. Mdachi aliikomesha hongo, lakini hakuikomesha moyoni mwa Ndahani.

Bartolomayo alifika amepiga pasi koti, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi, baba. Lakini nimezaliwa pwani, nikalelewa na mapadri Bagamoyo."

Uso wa mzee ukachanua kama shamba lililopata mvua. Mnyamwezi! Mtani wake! Tangu misafara ipungue hakuwa amepata mtu wa kumtukana kwa raha.

"Aa! Punda wa pembe!" akanguruma. "Babu yako alipita hapa analia kama mtoto, tukamvua hata nguo ya kiunoni! Leo unataka binti yangu, umbebeshe nini? Hongo iko wapi?" Akanyakua ile kofia ya stesheni, akaivaa mwenyewe, akangoja.

Alingoja jibu. Mtani akitukanwa hutukana zaidi, watu wakacheka, kisha pombe ikaletwa. Chungu kilikuwa tayari kimeandaliwa ndani.

Bartolomayo hakuyajua hayo. Aliinama. "Nisamehe, baba," akasema. Akaondoka kichwa wazi.

Mzee alibaki na kofia kichwani na hasira za kweli rohoni. "Ameninyamazia! Mimi! Mtani mzima ananyamaza kama nimemtapikia! Mtu wa pwani kanidharau kwangu. Loisi, huyo hakuoi mpaka afumbue mdomo mbele za watu!"

Loisi naye akaumia: kumbe koti lile ni la majivuno. Wakati huohuo Bartolomayo alijua amekataliwa, na juu ya hayo babu yake ametukanwa. Anyesi akaja na neno, na safari hii hakulitia chumvi, maana lilikuwa chungu tayari.

"Amesema Jumamosi ana ruhusa ya kazi. Atakwenda peke yake, na hatarudi Dodoma."

Loisi hakungoja Jumamosi. Alimkuta akifuta taa za stesheni, anafuta moja tu, ileile.

"Bartolomayo! Mbona umemdharau baba?"

"Mimi? Yeye ndiye aliyemvua babu yangu nguo!"

"Amekutania! Ninyi ni watani wetu. Ulitakiwa umtukane."

Kijana akamtazama kama amesikia gari likizungumza. "Nimtukane baba mkwe?"

"Sana. Kwani Bagamoyo hamna watani?"

"Padri alitufundisha ukipigwa shavu, geuza la pili."

"Hapa ukigeuza shavu, watu wanadhani huna ulimi." Akaketi karibu yake. "Haya, jaribu. Mwambie masikio yake angefungia ng'ombe."

"Siwezi, Loisi."

"Mwambie mbuzi wake wanamzidi akili."

"Wanamzidi... kidogo?"

"Kidogo cha nini! Ee, mume gani huyu, kutukana napo nimfundishe!" Lakini neno lile, mume, lilipomtoka kinywani, kijana akaweka kitambaa chini, na taa ikapata bahati ya kutofutwa kabisa.

Siku ya mnada Ndahani alikuja stesheni na mbuzi wake, kofia ya serikali bado kichwani. Watu walikuwa tele. Bartolomayo akatoka, akasimama mbele yake. Matusi yote aliyofundishwa yakamtoka kichwani kama kuku walioona mwewe. Loisi, kando ya ukuta, aliuma pembe ya kaniki.

"Umekuja, punda?" mzee akasema. "Hongo!"

Bartolomayo alimtazama mzee, akaitazama reli inayopita kando ya miguu yake, inayotoka pwani na kwenda mpaka ziwani. Akatabasamu, mwanya ukaonekana.

"Hongo gani, mbuzi mzee wewe? Chuma chote hiki kimepita mlangoni kwako, kutoka bahari hadi ziwa, ukakitazama kama kuku atazamavyo mvua! Hukukidai hata ushanga. Leo unanidai mimi mwenye koti moja?"

Stesheni nzima ikamgeukia mzee. Hata mbuzi waligeuka.

Kisha Ndahani akaangua kicheko, akainamia fimbo, machozi yakamtiririka mpaka kwenye yale masikio. "Umenipata! Umenipata, mwana wa pembe! Huyu ana ulimi, huyu! Mwiteni mama yake Loisi, pombe iletwe! Binti, chukua mumeo kabla sijamwoa mimi!"

Ndoa ilifungwa, ngoma ikachezwa hadi vumbi likaomba radhi. Jumamosi iliyofuata maharusi walipanda gari la kwenda Tabora. Baada ya miezi michache tu wazungu walianza vita vyao, na mabega ya watu wengi yakarudishiwa mizigo. Lakini Jumamosi ile ilikuwa yao. Loisi alikaa dirishani, kaniki mpya, mikono mitupu mapajani, asijue aiweke wapi, maana tangu azaliwe haijawahi kukosa kitu cha kushika. Bartolomayo akaichukua yote miwili.

Gari likatikisika. Mzee Ndahani akaanza kutembea kando yake, kisha akakimbia, fimbo juu, akiwapigia kelele abiria wa kila dirisha:

"Mnamwona yule? Binti yangu! Anakwenda mpaka kwa Mbelgiji! Hajatumwa na mtu! Anakwenda kutazama tu!"