Jezi Isiyofuliwa

Kila Jumamosi asubuhi, kahawa haijachemka bado, Corbin Haugen hushuka ngazi akiwa amevaa jezi nyekundu ya timu ya chuo. Mji wetu wa Tolliver, Nebraska, ndivyo ulivyo: siku ya mechi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, hata mbwa huvalishwa nyekundu. Msimu huu tulizidishiwa balaa. Chuo kiliachana na kampuni ya Kestrel, iliyotushonea jezi tangu enzi za mababu, kikahamia Vantor. Kanisani, dukani, kwa kinyozi, watu wazima waligombana kuhusu jezi utadhani ni shamba la urithi. Inachosha!

"Vantor ni takataka," Corbin alilalamika mezani, akijikuna shingo. "Mama, ona vipele hivi!"

"Basi vua," mama yake, Darla, akamjibu.

"Nivue vipi na tunashinda?"

Mwalimu Lindqvist wa sayansi alichoshwa na kelele hizohizo darasani. Akawapanga wanafunzi wawili wawili, walinganishe jezi za kampuni zote mbili: ipi hukauka upesi, ipi huchanika, ipi humfaa mchezaji. Watakaoandika ripoti bora wangeingia uwanjani wakikimbia pamoja na timu katika mechi ya mwisho, mbele ya mji mzima. Corbin aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani.

Alipangwa na Marisol Fuentes. Marisol alilowesha vitambaa, akavianika, akavuta mishono. Corbin yeye alileta shingo yake.

"Andika: Vantor inaleta vipele," alisema. "Kestrel naivaa shuleni na hainiwashi hata kidogo."

Marisol alisogea karibu, kisha akaziba pua. "We Corbin! Hiyo Vantor umeifua lini?"

"Juzijuzi."

"Juzijuzi gani?"

Corbin akarudi nyuma hatua moja. Jezi ile haikuguswa na maji tangu mechi ya kwanza. Kwetu, timu ikiwa inashinda, jezi haifuliwi; ukiifua, umeosha bahati. Baba yake alimfunza hivyo, naye alifunzwa na babu. Upuuzi mtupu, lakini nenda kawaambie wao!

"Usiseme, tafadhali," alinong'ona. "Ukisema, ripoti yetu imekufa."

"Yetu? Mimi nimefanya kazi, wewe umejikuna! Utasema mwenyewe."

Kesho yake Corbin alisimama kusoma ripoti. Alipofika kwenye vipele, akaishusha karatasi. Marisol alikuwa ameinamisha kichwa, karibu kulia.

"Mwalimu, hapa si kweli," Corbin akasema. "Kestrel inafuliwa kila wiki. Vantor sijaifua tangu msimu uanze. Marisol hana kosa."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Lindqvist hakucheka.

"Msimu mzima unatupigia kelele, kumbe unasingizia kitambaa! Kafue zote mbili, uzivae upya, ulete majibu."

Alizifua. Vipele vikanywea, vikaisha. Ikaonekana kwamba Vantor hukauka upesi, Kestrel haichaniki kirahisi, na hakuna inayowasha. Ripoti ikawa bora kuliko zote, ila Mwalimu alimpa nafasi ya uwanjani Marisol peke yake.

Siku ya mechi ya mwisho, Corbin alikaa jukwaani akimtazama Marisol anavyoingia uwanjani mbio na timu. Kisha, lahaula, timu ikashindwa.

Baba yake, Gus, akamgeukia. "Corbin, niambie hukuifua hiyo jezi."

Safu nzima ikamkodolea macho. Neno moja la uongo lingemwokoa.

"Nimeifua, Baba."

"Umetumaliza, mwanangu!" Gus akashika kichwa.

"Gus, koma!" Darla alifoka. "Wale vijana wameangusha mpira kwa mikono yao wenyewe. Wewe unamlaumu mtoto, na mtoto aliilaumu kampuni. Lini mtu wa nyumba hii atajilaumu mwenyewe?" Akamshika Corbin bega, sauti ikashuka. "Lakini wewe leo umesema kweli ilipokuuma. Mwili mchafu huoshwa kwa sabuni, mwanangu. Kosa huoshwa kwa kulikiri."

Kisha akamnyooshea mumewe mkono. "Na wewe, vua hiyo yako. Unanuka."